Benchi Lenye Jina Langu

Mpendwa Baba Neema,

Nakuandikia nikiwa mapokezi, kwenye jengo lile lile la JLT, huku Uarabuni, unalolijua, kiyoyozi kikinipiga mgongoni. Ningeweza kukutumia sauti kwa WhatsApp kama kawaida, lakini sauti zangu unazisikiliza ukimwagilia maua ya kituo chako, na leo nataka unisome ukiwa umekaa.

Nina wivu. Nakuambia mapema usije ukasema ni uchovu au joto. Wenzangu waume zao wakienda Uingereza huogopa warembo, mimi naogopa kituo cha treni. Akinyi, tunayefanya naye zamu moja, aliponiona nimenuna aliuliza, "Kwani Baba Neema amepata mpango wa kando?" Nikamwambia ndiyo, ni mzee kuliko nyanya yangu na juzi amepakwa rangi ya kijani. Alicheka hadi supavaiza akatuambia yalla, kila mtu mlangoni kwake.

Unakumbuka Ijumaa zetu? Wewe ulilinda jengo la jirani, na tukipata mapumziko kwa pamoja tulizunguka ziwa la hapa na chapati zetu kwenye foili. Ulikuwa unasimama kutazama metro ikipita juu, kisha unalalamika haina dereva. "Treni isiyo na mtu wa kumpungia mkono ni lifti iliyolala," ulisema. Ukanihadithia kituo cha kwenu, kilichofungwa ukiwa shule ya msingi, na baba yako aliyeendelea kufagia jukwaa ingawa treni hazikuja tena. Nilikupenda siku hiyo. Sikujua huo ugonjwa ni wa kurithi.

Kisha ukapata kazi ya kutunza wazee Uingereza, na sheria za huko hazikukuruhusu kwenda na mke. Mwanzoni ulinitumia picha za chumba chako. Halafu ukajiunga na wakazi wanaojitolea kutunza kile kituo kidogo unachoshukia, na tangu hapo mimi nimeolewa na historia yake. Najua kilijengwa katikati ya mashamba ya kabichi, na mwenye ardhi aliitoa kwa sharti kwamba treni isimame kumchukua kila akitaka kwenda mjini. Najua nyumba zilikuja baadaye zikiifuata treni, mtaa baada ya mtaa, hadi kabichi zikaisha. Wanaume walipokwenda vitani, wanawake ndio waliokata tiketi na kubeba mizigo, na vita vilipokwisha wakaambiwa asanteni, rudini jikoni. Yadi ya makaa ya mawe sasa ni maegesho, chumba cha akina mama cha kusubiria ni saluni, na dirisha la tiketi limefungwa, imebaki mashine. Najua pia walitaka kukifunga na wakazi wakakataa. Ukifika hapo sauti yako hutetemeka. Siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu haikutetemeka, kwa sababu hukupiga.

Ndipo ukanitumia ile picha ya benchi jipya jukwaani, na kibao cha shaba chenye jina langu: Esther, mpenzi wa Joseph. Nililia hapa hapa mapokezi. Neema, huko kwa nyanya yake, akawaambia wenzake shuleni kwamba mama yake ana kiti Uingereza. Wivu ukaniisha kabisa.

Hadi Jumamosi iliyopita. Tulikuwa tunaongea kwa video, wewe jukwaani na mikono yenye udongo, nikasikia Janet, yule mama anayeongoza kikundi chenu, akiuliza unaongea na nani. Ukageuza simu. Nikabaki nikitazama paa la kituo, na nikakusikia ukimjibu, "Dada yangu."

Kesho yake ukaeleza. Uliona mabenchi ya huko yana majina ya watu, ukadhani ni heshima kwa yeyote unayempenda, ukaomba moja la kwangu. Hukujua ni ya marehemu. Ulishangaa tu Janet alipokukumbatia na watu walipoanza kukuletea supu, na ulipoelewa, tayari walikuwa wameshasimama kimya mbele ya benchi, kofia mkononi. "Sikujua nianzie wapi, mama," ulisema. Kosa hilo nalielewa. Kwetu nani angeweka jina la mfu kwenye kitu cha kukalia? Kinachonikwama kooni ni zile supu zote ulizoendelea kunywa.

Na sasa kituo kinafanyiwa sherehe ya kuzaliwa. Janet atasoma historia yake mbele ya watu, na baada ya kabichi na vita nitatajwa mimi, mke marehemu wa yule Mkenya wa maua.

Namwonea wivu Janet, sikufichi. Lakini ninayemwonea wivu zaidi ni huyo Esther aliyekufa. Hanung'uniki, hakuulizi kwa nini hukupiga, na kila siku unampandia maua. Mimi niliye hai nangoja tiki mbili zigeuke buluu.

Basi sikia. Siku ya sherehe, kabla Janet hajaanza kusoma, utakaa kwenye hilo benchi, utanipigia video, na simu utaielekeza kwa watu wote. Nimeomba ruhusa, inshallah nitapewa. Nitavaa gauni la manjano, nitawasalimia kwa Kiingereza changu cha mapokezi na nitawashukuru kwa supu. Watakukasirikia, na labda Janet hatakusemesha kwa muda mrefu. Vumilia, mimi nitakuwa nakusemesha.

Usipopiga, sitakutafuta. Nitamwambia Akinyi na jengo zima kwamba mume wangu alifia Uingereza, nami nitapokea pole zao na chakula chao.

Umwagilie maua vizuri.

Mkeo, aliye hai,
Mama Neema