Hakusema Asante

Kambini Paso Pucú,
Juni 1867

Mama yangu mpenzi, Ña Escolástica,

Mikono nimeikutanisha kifuani kama ulivyonifundisha, naomba baraka zako kabla ya neno lolote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yamekupa nafuu, na yule ng'ombe mwekundu ameacha ukorofi wakati wa kukamuliwa. Mimi ni mzima. Nimekonda, ila mdomo haujakonda, utasikia mwenyewe.

Najua mchunga nyumbu aliyepita huko alikwambia kwamba Venancio wetu ameingizwa hema la wagonjwa, na kwamba watu huingia humo kwa miguu na kutoka kwa mkokoteni. Hakukudanganya. Lakini kama umeshaanza kushona nguo nyeusi, weka sindano chini unisikilize.

Ni kipindupindu, Mama. Neno lenyewe tumekatazwa kulitamka kambini, lakini barua haina sauti. Asubuhi mtu anakutania, jioni macho yameingia ndani na vidole vimekunjamana kama vya mfuaji. Alipopatwa Venancio nilikuwa mtoni nafua na wanawake wenzangu tunaofuatana na jeshi. Nilikimbia hadi hemani nikakuta mlangoni pana mlinzi, Koplo Tranquilino wa Quiindy, mwenye masharubu. Madaktari walikuwa wameamuru mgonjwa asipewe maji hata tone, kwani yanamharakisha kufa. Waliamini hivyo kwa nia njema, na sisi tuliwaamini. Ila nilimsikia ndugu yangu akiomba maji. Alikuwa anakuita wewe, siyo mimi. Nililia mpaka kifua kikauma.

Nikarudi kwenye moto wetu, nikachemsha birika, nikatia sukari iliyounguzwa, nikachukua kibuyu chenye majani yetu ya yerba na mrija wake wa kufyonzea. Koplo akanizuia: "Wewe Anselma, maji marufuku!" Nikamwuliza anayaona wapi maji, hii ni yerba. Akauliza kwani yerba inalowekwa kwa mchanga? Nikamwambia basi aingie mwenyewe, awaambie watoto wa watu kwamba kibuyu kimefika mlangoni na mtu wa kwao amekizuia, halafu tuone mama yake huko Quiindy ataficha wapi uso. Akatazama huku na kule. Mtu wa kwetu anaweza kukunyima vyote, lakini kibuyu hawezi. "Pita, na mdomo wako huo," akasema. "Ila nikichapwa, utakuja kuukanda mgongo huu."

Nikaanza kukizungusha, mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Zamu ya Venancio ilipofika, alifyonza kidogo, akakirudisha, akasema, "Asante." Mama, unajua kwetu anayerudisha kibuyu na asante amemaliza, hapewi tena. Niliona anatuaga. Nikamfokea mbele ya wote, nani kamwomba adabu, na humu ndani atakayesema asante nammwagia birika zima. Mpiga ngoma mmoja aliyelala kando yake akacheka kwa sauti ya kukwaruza, akasema afadhali ugonjwa kuliko huyu mwanamke. Nikajaza tena, nikamshika Venancio kichwa, nikamnywesha. Akatapika. Nikajaza tena.

Tuliendelea hivyo, wanawake tukipokezana birika, koplo akigeuka kutazama mawingu kila tulipopita. Wengine walikufa, siwezi kukuficha, na yule mpiga ngoma alikuwa mmoja wao. Namwombea. Lakini asubuhi moja, jua limeshapanda, nilimpa Venancio kibuyu akakinywa mpaka mrija ukakoroma. Akanirudishia. Nikangoja. Hakusema kitu. Alinitazama tu, kisha akanisukuma nacho tumboni kwa hasira, maana nilichelewa kumwongezea. Mama, nilipiga vigelegele mpaka walinzi wakashika bunduki wakidhani adui ameingia!

Baada ya hapo hema likajaa kelele za watu wanaopona: muhogo haujaiva, nani kachukua blanketi langu. Daktari akaja akatukuta tumekaa duara. Koplo alisimama wima, jasho linamtoka hadi kwenye masharubu. Daktari akaliangalia birika, akawaangalia wagonjwa walioketi, akauliza nani amekuwa akinywa. Wakajibu wote. Akavuta sanduku, akaketi, akanyoosha mkono. Nikampa kibuyu. Alikirudisha bila neno nami nikamjazia tena. Kesho yake kila hema lilipata birika lake. Tumeshinda, Mama. Mkokoteni sasa unabeba kuni.

Sasa kuna jambo nimelichelewesha. Venancio alipokuwa hoi, nilimwekea Bikira wa Caacupé nadhiri kwamba mwanao akipona, utakwenda kuhiji kanisani kwake kwa miguu kutoka mlangoni kwetu. Ndiyo, wewe. Usinune. Nadhiri zangu mimi anazijua, nyingi sijazitimiza, niliogopa asingeniamini. Katika familia yetu jina la kuaminika ni lako. Najua magoti yako, na najua hujavuka kijito tangu tumzike Baba. Nisamehe au ninunie, lakini Bikira ameshatoa cha kwake.

Nilipomweleza Venancio alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo kila asubuhi anajitwika mgongoni gunia la mahindi, anazunguka nalo kambi nzima, anajizoeza kukubeba wewe pale magoti yatakapogoma. Wenzake wanamzomea, wanamwuliza kama kweli mama yake ni mnene kiasi hicho. Jana aliwajibu, bila hata kusimama, wamwongezee gunia la pili.

Wasalimie majirani wote, na Padre anayekusomea haya, asiruke mstari wowote. Sisi wawili tunakubusu mikono.

Binti yako mkorofi,
Anselma