Donají ameshindwa kusema "mimi"

Fidencio uko wapi wewe! Nimeishiwa nguvu.

Mjukuu wangu Donají kesho si ana usaili, ile kampuni kubwa ya kompyuta? Leo kijana mmoja wa huko huko, Ulises, alikuwa anamjaribisha kwa simu ya picha. Mimi niko pembeni napukuchua mahindi.

Akamuuliza, "Programu ya zamu za maji kijijini kwenu, nani alitengeneza?"
"Tuliitengeneza."
"Wewe na nani?"
"Kijiji, kaka."
Kijiji! Fidencio, mimi na wewe tunajua hata kuwasha kompyuta?

Ulises akamwambia, "Dada, kesho ukisema kijiji wanakupa sifuri. Sema mimi."
Mtoto akatikisa kichwa.

Nikaingiza kichwa kwenye picha. "Kijana, kaitengeneza peke yake, mimi babu yake shahidi!"
Akanigeukia, mbele ya Ulises! "Babu, acha uongo. Mabomba nani alibeba? Mzee Fidencio si alivunjika kidole? Ile ilikuwa kazi ya msaragambo, ya kijiji kizima, na msaragambo hauna mwenyewe."
Hauna mwenyewe!

Ulises akacheka, akasema, "Mzee, mfundishe mpaka kesho."

Nimejaribu, ndugu yangu. Nikamwambia, "Haya, sema: mimi nimetengeneza."
Akanijibu, "Anza wewe, babu. Mlango wa kanisa nani alichonga?"
Fidencio, ule mlango nimeuchonga kwa mikono hii hii, peke yangu, unajua. Nikafungua mdomo.
"Tuliuchonga."

Hapati kazi huyu. Hapati.