Shemeji Hakumwachia Kaka

Hawah, bado nina hasira! Unajua kaka Siraji aliacha mapigano ya MMA, yale ya ngumi na kukabana, kwa sababu ya kuumia shingo.

Leo arusini Koboko, shemeji Kabiru kamkaba shingo hiyohiyo kutoka nyuma. Eti, "Bingwa, jitoe basi!"

Kaka akampigapiga mkono, ile ishara ya kukubali kushindwa. Kaka Siraji, Hawah! Ulingoni hakuwahi kuitoa hata mara moja.

Kabiru anacheka tu: "Kumbe bingwa iko mzee!" Kaka hapumui, watu wanarekodi!

Mimi ninayeona haya hata kuomba chumvi, nikamng'ata Kabiru mkono mpaka akaachia.

Sasa mama anataka nimwombe msamaha. Siombi! Wanaume wangapi walimpigapiga kaka mkono ulingoni? Wote aliwaachia papo hapo.