Nilimuambia Zakari atoshe kofia ku kichwa!

Mama Jeanne, niko najificha ku toilettes. Haya inaniua!

Unajua ile groupe ya rock, nyimbo zao njo zilinishikilia mu kilio ya bwana yangu. Leo banatuacha tubasalimie mbele ya concert. Nilitaka kuambia Zakari, mwimbaji wao, neno moja tu ya shukrani: merci.

Akaingia na kofia, telefone mu mukono. Na mi, kama kila dimanche ku protocole ya kanisa, kwenye tunaketishaka batu: "Papa, tosha kofia. Telefone ku mufuko. Keti!"

ZAKARI, Mama Jeanne! Na akaketi!!! Groupe yote ikaketi, mikono ku magoti. Nikakimbia.

Ngoja. Namusikia ku micro: "Maman protocole iko wapi? Tunaweza kusimama?"

Nimetoka mbio. Nimepiga kelele na sauti yote: "Simameni! Na MERCI!"