Mstari Mwekundu Juu ya Nati

Alhamisi, saa kumi alasiri. Kiamunyi, Nakuru.

Mawingu yameufunika mlima Menengai tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Hakuna upepo. Nguo zilizoanikwa jana bado zina unyevu. Katika siku kama hii, nilipokuwa kijana wa karakana ya reli, moshi wa injini haukupaa. Ulilala juu ya reli na kutuingia machoni, na mafundi wazee walituamuru tukague kila kitu mara mbili.

Leo nimekagua mara saba.

Wachache mnaosoma ukurasa huu mnajua ninavyozitumia siku zangu tangu nistaafu ualimu wa ufundi. Ninaunda injini za mvuke, ndogo lakini za kweli. Zinachemsha maji, zinakula makaa na zinavuta mizigo. Rafuni ninazo kumi na tisa. Chache nilipewa na wazee waliokuwa wakihama mji, nyingine zote zimetoka mikononi mwangu. Ya ishirini ni ndefu kama kitanda. Ina boila ya shaba katikati, yaani tangi la kuchemshia maji, na seti mbili za magurudumu, mfano wa zile zilizokuwa zikipanda kutoka Nakuru kuelekea Mau Summit. Imenichukua miaka kumi na mmoja.

Jumamosi ni sherehe ya mavuno kanisani. Reli imekwisha kutandikwa kuuzunguka uwanja. Watoto wataketi juu ya vigari nyuma ya injini, na wa kwanza, kwa kuwa amepiga kelele kuliko wote, ni mjukuu wangu Shiru, mwenye umri wa miaka saba. Mimi ningeendesha, naye angeketi nyuma ya mgongo wangu, hatua mbili kutoka kwenye boila.

Ningeendesha. Nitaeleza.

Kila boila ina vali ya usalama. Ni kifuniko kidogo kilichokandamizwa na springi, na juu ya springi kuna nati. Mvuke ukizidi nguvu, unaisukuma springi, kifuniko kinainuka, na ziada inatoka kwa kelele. Nati hiyo ikikazwa hadi mwisho, springi haina nafasi ya kuinuka na mvuke hauna pa kutokea. Moto unaendelea, geji ya kupimia mvuke inaendelea kupanda, na kitakachoachia ni shaba yenyewe.

Jumatatu tuliiwasha injini uani pamoja na Gurdeep, rafiki yangu wa miaka arobaini, fundi wa kukereza vyuma. Ilifanya kazi vizuri. Vali ilifunguka pale ilipopaswa kufunguka, ingawa ilikuwa ikivuja kidogo hata kabla ya hapo, mluzi mwembamba uliomchekesha Gurdeep.

"Mwalimu, hii kitu yako inakula maji kuliko ng'ombe, na bado inalia," alisema.

Jana asubuhi nilikwenda kuisugua kwa ajili ya Jumamosi. Nati ya vali ilikuwa imekazwa hadi mwisho.

Nilikaa juu ya kigoda kwa muda mrefu. Kisha nikafanya jambo ambalo leo linanitia aibu. Watu wawili tu ndio walioingia katika karakana yangu wiki hii, na mmoja ni mimi. Nikampigia Gurdeep simu.

Aliniambia kwamba hata vumbi langu hawezi kuligusa bila ruhusa. Nikamjibu kwa sauti ile niliyokuwa nikiitumia darasani: basi nati imejikaza yenyewe.

Nilisikia mashine yake ikizunguka nyuma yake.

"Umenijua miaka yote hii," akasema, "na unaniuliza kama nimetegea watoto bomu."

Akakata simu.

Sikulala vizuri, lakini si kwa sababu ya kumkosea. Nililala nikiamini kwamba nina haki, na mtu anayeamini hivyo halali vizuri. Huamka na kutafuta ushahidi. Leo baada ya chai nilichukua kioo cha kukuzia nikarudi kuutafuta.

Nikaupata.

Kule karakana ya reli tulifundishwa kwamba nati ikishakazwa, fundi anachora mstari mwembamba wa rangi kutoka juu ya nati hadi kwenye kile kilichofungwa. Nati ikisogea baadaye, mstari unakatika, na kila mtu anaona. Kila fundi alikuwa na mkono wake. Mimi ninatumia mkono wa kushoto, na mwisho wa mstari wangu una ndoano ndogo inayopinda upande usio wa kawaida. Siku hizi ninatumia rangi nyekundu ya kucha kwa sababu haifutiki kwa mafuta. Binti wa dukani ameshamzoea babu huyu. "Guka, hii ni ya cucu ama kuna mwingine?" huniuliza kila mara, akimaanisha mke wangu, na wenzake huangua kicheko.

Juu ya nati ya vali palikuwa na mstari mwekundu. Ulikuwa mzima, haukukatika popote. Maana yake ni kwamba ulichorwa baada ya nati kukazwa. Mstari wa zamani ulikuwa umefutwa vizuri kwanza, kama ninavyofundisha.

Mwishoni palikuwa na ndoano.

Ilikuwa kazi safi. Hilo ndilo linalonitisha. Kama ningekuta kazi ya mtu aliyechoka, au ya mtu mwenye haraka, ningejisamehe.

Nilimwuliza mke wangu, bila kumtazama, ni lini mara ya mwisho alipofika karakanani.

"Baba Nyambura, si Jumanne nilikuletea uji huko? Ulikuwa umeinamia hiyo mashine, spana mkononi."

Ninachokumbuka mimi ni kwamba Jumanne nilishinda kitandani na kichwa kikiniuma.

"Nilisema nini?"

Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena. "Ulinishukuru kama mgeni. Ukaniuliza kama nimetoka mbali."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Alisema alikuwa akingoja niseme mwenyewe. Alisema si mara ya kwanza.

Si mara ya kwanza.

Nadhani ninajua kilichotokea. Ule mluzi uliniudhi, nikaikaza nati hadi ukanyamaza. Ni kosa la mwanagenzi wa wiki ya kwanza. Zamani nilimtoa kijana mmoja darasani kwa kosa dogo kuliko hilo, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba mtu asiyekumbuka alichokigusa asiguse chochote. Hakurudi. Sikumtafuta.

Mwezi uliopita pia niliona jambo nikalipuuza. Chini ya kila injini iliyo rafuni nimebandika karatasi yenye jina na mwaka niliomaliza kuiunda. Nilipokuwa nikipangusa vumbi, nilikuta moja yenye karatasi mbili. Mwandiko ni wangu kwenye zote mbili. Majina ni tofauti. Nilibandua moja, nikaendelea na kazi. Hadi sasa sijui kama niliacha iliyo sahihi.

Saa sita nilikwenda kwa Gurdeep. Hakugeuka nilipoingia. Niliueleza mgongo wake mambo yote: mstari, ndoano, uji. Sikufupisha chochote. Nilipomaliza alizima mashine, akafuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kaa chini," alisema. "Umekunywa chai?"

Tulikunywa chai. Baadaye akaniuliza swali ambalo mimi mwenyewe, fundi wa miaka yote hii, sikuwa nimejiuliza.

"Na zile nati zingine?"

Boila ile na mabomba yake ina nati zaidi ya mia moja. Zote zina mstari mwekundu mzima. Zote zina ndoano. Asubuhi ya leo mistari ile ilikuwa fahari yangu, na sasa hakuna hata mmoja ninaoweza kuuapia.

"Nitafungua zote, moja moja," Gurdeep alisema.

"Hutamaliza kabla ya Jumamosi."

"Basi Jumamosi watoto watapanda punda."

Nilicheka. Nilishangaa kwamba bado ninaweza.

Nikampa ufunguo wa karakana. Aliutazama, akanirudishia. "Huu ni wa nini? Wewe ni fundi. Hiyo kufuli yako utafungua na msumari, na kesho hutakumbuka."

Ni kweli. Kwa hiyo nilimwambia aje na pikapu aichukue injini yote leo leo, na asiniambie anaiweka wapi.

"Na ukiniuliza?"

"Usiniambie."

"Na ukiniuliza vizuri?"

"Hasa nikiuliza vizuri."

Walikuja saa tisa, yeye na watu watatu. Sikutoka nje. Nilisikia mbao zikiegemezwa kwenye gari, nikamsikia akimkemea mmoja wao kwamba asiishike kwa bomba la moshi, aishike chini. Ndivyo ningesema mimi. Mke wangu alisimama mlangoni hadi gari lilipopotea, kisha akaja kuketi karibu nami.

Shiru ameambiwa kwamba injini ina hitilafu. Amelia. Nyambura, binti yangu, ameambiwa ukweli, na Jumatatu atanipeleka kwa daktari. Sitaandika hapa ninachotarajia kusikia.

Ninaandika haya hadharani, si katika daftari, kwa sababu daftari ninaweza kulichana nikiwa na hasira, au nikiwa mtu yule mwingine mwenye adabu anayewashukuru watu kama wageni. Nimemwomba Nyambura abadilishe nywila ya ukurasa huu baada ya leo. Nitakachoandika baadaye kitapitia kwake, lakini ukurasa huu sitaweza kuufuta.

Basi nawaomba jambo moja. Ikiwa siku moja mtasoma kutoka kwangu, au mtanisikia kanisani au barabarani, nikisema kwamba Gurdeep ameniibia injini yangu, huenda nikalisema vizuri. Huenda nikataja siku, saa, rangi ya pikapu na idadi ya watu. Huenda sauti yangu ikawa tulivu na maneno yakawa yamepangwa sawasawa.

Msiniamini.