Malengelenge Chini ya Boti

Oli, Arua
8 Januari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, ila mimi silali kwa furaha. Nimepewa boti, baba. Mimi, mpiga rangi wa magari! Ni ya faiba, ya mkunga Viktoria, anayevusha akina mama wajawazito Nile kule Rhino Camp. Imeletwa kwa lori, tukaipindua, kumbe tumbo zima ni malengelenge. Nilitoboa moja likanirushia maji usoni, yananuka kama siki. Nikiiweza hii, ataniletea na ya pili. Mafundi wenzangu wanacheka: "Mutu ya gari iko najua nini ya boti?" Nianzie wapi?

Mwanao,
Annet

Koboko
10 Januari 2024

Mwanangu Annet,

Mgongo ni uleule. Mama yako ameisoma barua yako kwa majirani mara tatu, hakuna asiyejua habari za boti. Usiogope, bodi ni bodi. Kwangua, ziba mashimo kwa puti, piga msasa, paka rangi. Siku tatu zinatosha. Miaka thelathini sijachelewesha gari la mtu, usianze wewe.

Baba yako,
Draku

Oli, Arua
15 Januari 2024

Baba,

Shikamoo. Natumai hamjambo wote. Nilifanya ulivyosema, siku tatu tu, nyekundu inang'aa mpaka watu wanasimama kutazama. Jana malengelenge yamerudi, makubwa kuliko ya kwanza. Jua limechemsha maji niliyoyafungia ndani. Nililia, baba. Kisha nikaenda kwa Tombe, aliyetengeneza boti Juba kabla ya kukimbia vita. Akasema: "Gari inanyeshewa tu. Boti inakunywa. Fungua yote, osha na maji safi, wacha ikauke."

Wiki sita, anasema! Kila jioni nitabandika kipande cha nailoni tumboni mwa boti. Asubuhi kikiwa na jasho ndani, bado haijakauka. Viktoria nimemwambia ukweli. Amesema atakodi mtumbwi, ila mvua za Machi zikianza mtumbwi hauvushi mjamzito. Nimeshakwangua rangi yote. Safari hii sikutii, unisamehe.

Mwanao,
Annet

Oli, Arua
26 Februari 2024

Baba,

Shikamoo. Wiki sita hujanijibu. Mgongo, au hasira? Nailoni imeamka kavu leo, siku ya tatu mfululizo! Nimeruka kama mtoto, Tombe akanishika mkono nisianguke. Alhamisi tunaanza kupaka epoksi, ile gundi isiyopitisha maji. Sikuombi ushauri, baba. Nataka tu uwepo.

Mwanao,
Annet

Koboko
27 Februari 2024

Mwanangu,

Mgongo haujambo. Sikukasirika, niliona haya. Miaka thelathini niliwaharakisha mafundi wa gereji yangu, na makosa yangu yakaondoka na magari ya watu, sikuyaona tena. Wewe lako limerudi mbele ya macho yako na hukulikimbia. Dereva Nasur ameniwekea kiti kwenye taksi yake ya kuja Arua kesho alfajiri. Mama yako anasema nimevaa ovaroli tangu mchana, na ni kweli. Viktoria akiuliza, mwambie huyu mzee ni wa kupiga msasa. Fundi ni wewe.

Baba yako,
Draku