Saa za Matabishi na Sabuni ya Kichwa Chini

Bukavu, Kadutu, siku ya pili

Yaya yangu mupenzi, Maman Faida,

Jambo kwako, jambo kwa shemeji na mugongo yake, jambo mpaka kwa ile jogoo yenu yenye ilinifukuzaka mu shamba mbele ya batu. Munaamka muzuri? Mihogo ilikauka? Mvua haikubeba tena daraja? Miye niko na afya ya kushangaza. Ukiniona ninashuka kilima ya Kadutu asubuhi, utasema ni deputé anakuja kuhutubia batu, kumbe ni kilima tu inanisukuma.

Ninaandika barua juu kwa simu hauniachake nimalize. Ile siku ulisema: "Deo, dot ya Faida, ile mahari yake, iko siku ya posho ya juma yenye inakuja. Ukikosa kufika, Bahati ataikala mu kiti ya mujomba na atapokea mbuzi yako." Kisha ukakata. Yaya! Bahati? Mudogo wetu mwenye mbuzi ikikohoa anapanda juu ya meza? Tangu Faida alizaliwa ninangojea ile kiti. Nilishaka hata fanya mazoezi ya kuikala.

Shida ilikuwa uzine, kiwanda yetu ya sabuni. Nilikuambiaka kama niko shefu wa masini, na kama nikikosa siku moja, Kivu yote inabaki bila sabuni. Ile haikuwa uongo, ilikuwa kweli yenye kuvaa nguo ya sikukuu. Kazi yangu yenyewe ni muhuri. Sabuni ikikatwa, miye ninapiga jina juu ya kila kipande mbele ikauke. Lakini yaya, sabuni bila jina ni nini? Ni jiwe yenye kuteleza.

Sasa sikia namna nilijifunga miye mwenyewe. Ku mulango ya uzine kuko karatasi ya Kifaransa yenye inasema mambo ya saa siplementere. Baouvriers, batumikaji benzangu, hawakuelewa. Bakaniuliza miye, juu banajua nilifika troisième primaire, darasa ya tatu, hata ya ine niliiona kwa dirisha. Nikakohoa sawa profesa: "Siplementere ni matabishi. Ukinunua kopo ya maharagi ku soko, maman muuzaji anakuongezea mukono moja juu, bure, kwa upendo. Siye pia tunamuongezea patro, mwenye uzine, saa mbili tatu, kwa upendo."

Kapita Leopold, mwenye anatusimamia, akapiga makofi: "Huyu ni mwalimu!" Tangu ile siku, kengele ya saa kumi na moja ikilia, kapita anasimama mu mulango na kuita: "Kopo imejaa! Sasa matabishi!" Na siye tunatumika mpaka saa mbili ya jioni. Siku ya posho, ile ya sita, yote nzima, asubuhi mpaka jioni: matabishi.

Nyuma ya simu yako nikamufuata kapita. "Kapita, siku ya posho niko na dot ya mutoto wa yaya yangu."

"Deo, hakuna ruhusa."

"Lakini matabishi inatokaka kwa upendo!"

"Ndiyo. Na hapa upendo iko obligatuare, ni lazima."

Nikarudia ku muhuri yangu na moyo nzito. Niliona Bahati anaikala. Niliona mbuzi inamuangalia na haya.

Siku ya ine ya juma yenye ilipita, bila kutangaza, enspekteri wa kazi wa serikali akafika. Ni maman mufupi, miwani ku pua, kalamu mu nywele. Akatukusanya: "Saa siplementere munatumikaka?"

Siye bote kwa sauti moja: "Hapana, maman! Tunatoaka matabishi tu!"

Akatoa miwani. "Matabishi gani tena? Nani alibafundisha hii?"

Vidole yote ikanielekea. Na miye, yaya, unanijua, batu wengi bakiniangalia kinywa inafunguka yenyewe. Nikasema: "Maman enspekteri, ni miye. Mukono yangu iko ya chuma. Saa tatu za juu, kwangu ni kama kupiga mwayo."

Kapita akacheka mpaka ku masikio: "Andika, maman, andika! Hawachokake, na banatoa kwa mapenzi yabo."

Maman Nsimire, mwenye anapanga sabuni mu karto, akanifinya ku mbavu: "Tonton, funga kinywa, unatuzika bazima!"

Enspekteri akaniuliza polepole: "Papa, ukienda kununua sabuni hapa, patro anakuongezeaka kipande moja bure?"

"Patro huyu? Hapana!"

"Basi matabishi inatoka upande moja tu? Sheria inasema saa kenda kwa siku, saa quarante-cinq, ndiyo makumi ine na tano, kwa juma. Yenye inapita pale ndiyo siplementere, si zawadi. Ni kazi, na inalipwa kuliko kazi ya kawaida. Na mutu anapumzika."

Nikahesabu kwa vidole, mara mbili, juu sikuamini. Kenda mara tano, quarante-cinq. Kopo inajaa siku ya tano! Siku ya posho ilikuwa yangu tangu zamani, na ni miye mwenyewe niliitoa na Kifaransa yangu.

Lakini kapita akaleta rejista. Mu rejista bote tunatoka saa kumi na moja, na siku ya posho hakuna mutu. Sahihi ni zetu. Tulikuwa tunaziweka asubuhi, hata mbele ya kuingia. Maman Nsimire akakimbia ku depo, akarudi na karto za sabuni yenye jina kichwa chini, zile zenye ku soko banakataa kununua. Juu ya kila karto aliandikaka siku na saa: siku ya posho, saa kumi. Siku ya tatu, saa moja ya jioni.

Kapita akazisukuma kwa muguu. "Hizi? Ni za bavibarua ba kupita. Deo mwenyewe alisemaka! Si kweli, Deo?"

Yaya, ni kweli nilisemaka vile. Kila sabuni ya kichwa chini niliwekaka juu ya bavibarua, kusudi jina yangu ibaki safi. Hata hakukuwaka bavibarua. Enspekteri akaniangalia. Bote bakaniangalia. Nikaona kiti ya mujomba, nikaona makalio ya Bahati juu yake.

Nikasema: "Maman, ni mukono yangu. Saa kumi na moja ikipita, siyo chuma tena, ni ugali. Ninapiga muhuri na usingizi."

"Anasinzia wima!" Maman Nsimire akaongeza bila mutu kumuuliza. "Anaiitaka masini 'Yaya', na anaiomba sombe ya mihogo!"

Bakacheka, hata enspekteri. Lakini aliandika kurasa tatu, akaingia kwa patro, akatoka pale na karatasi mupya: saa kenda, siku tano, na mutu wa kutumika juu ya pale aulizwe, aandikwe na alipwe. Kapita aliibandika ku ukuta kwa mukono yake mwenyewe. Aliibandika kichwa chini, nikamurekebisha.

Basi siku ya tano, kengele ikilia, ninapanda Fuso ya huyu dereva mwenye anakuletea barua. Bahati umuambie achunge mbuzi tu, kwa kamba ndefu kama anaogopa.

Unisalimie muzee shemeji, mamvyala wa Faida, na ule jirani yako fundi cherehani mwenye alisemaka sitafika popote. Ninabaletea sabuni za kichwa chini, patro alituachia. Mutu akiuliza juu gani jina imegeuka, mujibu kama ni modeli mupya, ya kusoma mutu akiwa ameinama ku mutoni.

Na dot ikiisha, bote bakienda kwabo, nitabaki mpaka kesho yake, siku ya yenga. Nitakaa na weye ku jiko, nitakumenyea mihogo, saa mbili tatu, bila mutu kunilazimisha. Ile, yaya, ndiyo matabishi.

Ni miye mudogo wako, mujomba mukubwa wa Faida,

Deo wa Muhuri